Nati za Maniema Kusini: Kutoka Mashua ya Vipande Hadi Mashine ya Kukazia

KASONGO – Lori linalotoka Kasongo kuelekea Kabambare halibebi mizigo peke yake. Juu ya magunia ya mchele na madumu ya mawese huketi watu: wachuuzi, wanafunzi, mama na watoto wao, na katika miaka hii mara nyingi familia zinazojaribu kurudi kwenye vijiji walivyovikimbia. Chini yao yanazunguka magurudumu, na kila gurudumu limeshikwa na nati nane au kumi. Abiria hawazihesabu. Dereva na msaidizi wake ndio wanaozijua, moja moja, ile iliyokwisha nyuzi na ile iliyowekwa juzi tu.

Nati na boloti haziandikwi katika historia ya Maniema. Inaandikwa habari ya pembe za ndovu, ya bunduki, ya Tippu Tip na ya Dhanis. Hata hivyo, vyuma vinavyofungwa na kufunguliwa kwa kuzungushwa vimepita katika njia hizi kwa muda wa karibu miaka 150, na kila mara vilipopita kulikuwa na swali moja: nani anayeshika chombo cha kuvikazia, na akiondoka anakiacha wapi?

Tuanze na mashua. Mnamo Oktoba 1876 msafara wa Henry Morton Stanley uliingia Kabambare ukitokea upande wa Ziwa Tanganyika. Mahali hapo palikuwa pamekwisha kujulikana na wageni. David Livingstone alifika mwaka 1869, naye alikaa huko kwa muda mrefu akiugua vidonda vya miguu, mpaka mwanzo wa mwaka 1871 alipoweza kwenda Nyangwe. Lakini Livingstone hakuja na kitu kama kile walichobeba wapagazi wa Stanley. Wao walikuwa na mashua nzima mabegani, imekatwa vipande.

Mashua hiyo iliitwa Lady Alice, kwa jina la binti wa Kimarekani ambaye Stanley alitumaini kumwoa (baadaye binti huyo aliolewa na mtu mwingine, wakati mashua ingali Afrika). Iliundwa Uingereza, huko Teddington kando ya mto Thames, na fundi James Messenger. Urefu wake ulikuwa futi 40, upana futi 6, nayo iligawanywa katika vipande vitano vya futi 8 kila kimoja, ili viweze kubebwa nchi kavu na kuunganishwa tena penye maji. Kwenye karatasi jambo lilikuwa zuri. Vilipopimwa Zanzibar, vipande vinne vilionekana kuwa na uzito wa ratili 280 kila kimoja, na cha tano ratili 310. Hakuna njia ya porini inayopitisha mzigo wa namna hiyo. Ikabidi seremala avigawe tena, kila kipande kiwe viwili vyembamba, kabla msafara haujaondoka Bagamoyo tarehe 17 Novemba 1874.

Wapagazi wengi walikuwa watu wa pwani na Wanyamwezi. Walibeba vipande hivyo mpaka Ziwa Viktoria, wakaviunganisha. Mashua ikazunguka ziwa, ikafunguliwa, ikabebwa mpaka Ziwa Tanganyika, ikaunganishwa, ikazunguka na ziwa hilo pia, kisha ikafunguliwa tena. Ndivyo ilivyofika Kabambare. Katika nchi ya Kasongo, kwenye makao ya Mwana Mamba, Stanley alionana na Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, na wakapatana kwamba atamsindikiza kwa safari za siku 60 kwa malipo ya dola 5,000. Tarehe 5 Novemba 1876 waliondoka Nyangwe, wakaingia msituni.

Humo msituni ndipo wabebaji wa mashua walipoteseka kuliko wote. Mtu mwenye gunia la shanga huinama akapita chini ya matawi, lakini mwenye ubavu wa mashua hawezi. Ilibidi miti na mizizi ikatwe mbele yao kwa mashoka, na mara nyingi walifika kambini wamechelewa kuliko wenzao. Baada ya kama wiki mbili walitoka tena kwenye mto, na mnamo tarehe 19 Novemba vipande vikaunganishwa na Lady Alice ikateremshwa katika maji ya Lualaba. Ilisafiri hadi mwisho wa Julai 1877, ikaachwa juu ya maporomoko ya Isangila, karibu na bahari, kwa sababu watu hawakuwa na nguvu tena ya kuibeba.

Watu walioishi kando ya Lualaba walikuwa mabingwa wa mitumbwi. Mtumbwi wao ulichongwa katika mti mmoja, haukuwa na kiungo hata kimoja, wala haukuhitaji chombo cha kuukaza. Lady Alice ilikuwa chombo cha namna nyingine: nguvu yake yote ilikuwa katika viungo. Boloti iliyolegea iliruhusu maji kuingia. Na faida yake ilikuwa hiyo hiyo, kwamba kilichofungwa kwa kuzungusha kinaweza kufunguliwa kwa kuzungusha. Ribiti haina faida hiyo. Wajerumani walipoitengeneza meli kubwa Graf von Götzen mwaka 1913 huko Papenburg, waliisafirisha mpaka Kigoma ndani ya masanduku yapatayo 5,000, kisha wakaifunga kwa ribiti, na tangu hapo haikufunguliwa tena. Ndiyo Liemba ya leo.

Baada ya mashua ilikuja reli. Vita vya Dhanis vilikuwa vimekwisha. Nyangwe ilitekwa Machi 1893 na Kasongo mwezi wa nne mwaka uleule. Serikali ya Leopold II ilitaka njia ya kupitisha bidhaa pale ambapo mto hauendeki kwa meli. Mwaka 1902 Édouard Empain, tajiri wa Ubelgiji, alianzisha kampuni iliyojulikana kwa herufi tatu, CFL, Reli ya Maziwa Makuu. Kipande cha kwanza, kati ya Stanleyville na Ponthierville, ndiyo Kisangani na Ubundu za sasa, kilimalizika mwaka 1906. Cha pili kilianzia Kindu na kufika Kongolo mwishoni mwa mwaka 1910, kilomita 355. Hiki ndicho kinachopita upande wa magharibi wa Lualaba, kupitia Kibombo na Samba. Kasongo yenyewe iko mashariki ya mto, kwa hiyo mtu wa Kasongo aliyetaka kupanda gari moshi alipaswa kwanza kuvuka maji. Mpaka leo ni hivyo.

Kazi hiyo haikufanywa kwa hiari. Mwaka 1906 amri za Leopold ziliruhusu kuandikisha vijana kwa lazima kwa ajili ya kazi za umma, na reli ilikuwa mojawapo. Wazee wanapotaja «kazi ya reli», wanasema juu ya kamba shingoni, chakula kibovu na wenzao waliozikwa kando ya tuta. Kile ambacho hakisemwi sana ni kazi iliyobaki baada ya reli kumalizika, maana reli haimaliziki. Kila taruma linashika njia mbili za chuma, na kila upande una vifungo. Katika nchi zenye mchwa wengi, wajenzi walipendelea mataruma ya chuma, ambayo vifungo vyake ni boloti na nati. Kila reli inapokutana na reli nyingine, vipande viwili vya chuma huzikumbatia kwa boloti nne au sita. Gari moshi linapopita, vyote vinatikisika. Kinachotikisika hulegea.

Tufanye hesabu ya karibu tu. Tukichukua mataruma 1,400 kwa kilomita moja, na kila taruma liwe na vifungo 4, hiyo ni vifungo 5,600 kwa kilomita. Kwa kilomita 355 za Kindu hadi Kongolo tunakaribia milioni mbili, bila kuhesabu viungo vya reli kwa reli. Ndiyo maana reli ilihitaji vikundi vya wafanyakazi waliogawiwa vipande vya njia, kila kikundi na kapita wake, wenye nyundo, koleo, na spana ndefu yenye mkono kama herufi T ambayo mtu huishika kwa mikono miwili, akaizungusha huku akiizunguka. Sauti ya gurudumu juu ya kiungo kilicholegea ni tofauti na sauti ya kiungo kilichokazwa. Mzoefu huisikia kabla ya kuiona.

Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, njia hiyo ilipitisha mzigo wa ajabu. Wabelgiji walitaka kuwapiga Wajerumani waliokuwa Kigoma, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Waingereza waliwapa ndege nne za aina ya Short zenye uwezo wa kutua majini. Ndege hizo hazikuruka kuja. Zilifunguliwa Ulaya, zikawekwa katika masanduku, zikapanda mto Kongo kwa meli, zikapita Kindu na Kongolo kwa gari moshi, kisha zikafika upande wa Lukuga kwa kipande cha tatu cha reli, kile cha Kabalo hadi Albertville kilichomalizika mwaka 1915. Huko, karibu na ziwa dogo la Tongwe, mafundi walizifunga upya boloti kwa boloti. Mwezi wa sita na wa saba mwaka 1916 zilirusha mabomu juu ya Kigoma. Watu wa Samba walioona masanduku yakipita hawakuweza kujua kwamba mle ndani kuna mabawa.

Mwaka 1939 daraja la Kongolo lilivusha reli juu ya Lualaba. Halafu mwaka 1955 ikafika kazi iliyopita zote kwa upande wa nati. CFL ilijengwa kwa upana wa mita 1 kati ya reli na reli. Reli ya Katanga, ambayo ilikuwa inasogea kutoka Kamina kuja Kabalo, ilikuwa na upana wa mita 1 na milimita 67. Gari la huku lisingeweza kuingia kule. Ikaamuliwa njia ya CFL ipanuliwe. Milimita 67 ni kama upana wa vidole vinne tu, lakini ili reli isogee kiasi hicho ni lazima kifungo chake kifunguliwe, isogezwe, kifungwe tena, kwenye kila taruma, kilomita baada ya kilomita. Mwaka uliofuata Katanga na Maziwa Makuu ziliunganishwa. Kipande cha Kisangani hadi Ubundu kiliachwa na upana wake wa zamani, na kingali hivyo.

Hapa ndipo mashine inapoingia katika habari hii, ingawa ilizaliwa mbali. Kukaza nati kwa nguvu ya mashine kuna shida moja ambayo kila mtu aliyeshika mashine ya kutoboa anaijua: chuma kikigoma kuzunguka, mashine yenyewe ndiyo inayozunguka, na kiganja cha mtu nacho. Kadiri unavyotaka nguvu zaidi, ndivyo mkono unavyovunjika haraka. Jibu lilipatikana Marekani miaka ya 1930, na jina linalohusishwa nalo ni Robert H. Pott wa mji wa Evansville, jimbo la Indiana. Ndani ya mashine yake moto hausukumi nati moja kwa moja. Unazungusha nyundo ya chuma iliyo huru kidogo. Nyundo inapata kasi, inagonga kizibo kinachoshika nati, inarudi, inagonga tena, zaidi ya mara elfu moja kwa dakika. Kila pigo ni fupi mno. Nati inapata pigo lote, mkono wa fundi unapata mtetemo tu. Kijana mwembamba anaweza kufungua nati ambayo watu wawili waliining'inia.

Ni maarifa ambayo fundi wa Kasongo aliyajua bila mashine. Nati iliyoshika kutu haifunguliwi kwa kuvutwa polepole. Hupigwa nyundo kwenye mkono wa spana, pigo la ghafla. Mashine ilichukua pigo hilo ikalirudia kwa haraka.

Mashine za kwanza ziliendeshwa kwa hewa iliyobanwa, na gereji za lugha ya Kifaransa huziita kle ya shoku, maana ni spana inayogonga. Huhitaji hewa ya shinikizo la bar 6 hadi 7, tena hewa nyingi, siyo ile ya kujazia mpira wa mguu. Kwa hiyo huhitaji kompresa kubwa, na kompresa huhitaji mafuta au umeme wa kutosha. Kwa upande wa reli, viwanda vya Ulaya viliunda mashine za injini za kukazia vifungo vya mataruma, zinazosukumwa juu ya reli zenyewe. Vyote hivyo ni vitu vya kampuni. Haviingii mfukoni mwa fundi wa kijiji.

Na Maniema Kusini imeona kampuni zikija na kuondoka. Namoya, katika teritwari ya Kabambare, ilichimbwa dhahabu tangu miaka ya 1930 mpaka mwaka 1961, baada ya uhuru, pale kazi iliposimama. Kwa miaka mingi wachimbaji wadogo ndio waliobaki, na vyombo vyao ni sururu, koleo na karai. Halafu ikaja Banro, kampuni ya Kanada. Mgodi wake wa Namoya ulitangazwa kuanza uzalishaji wa biashara mwanzoni mwa mwaka 2016. Mgodi wa wazi wa namna hiyo ni malori makubwa, mashine za kuponda mawe, mikanda, pampu, na hakuna hata kimoja kinachoweza kutunzwa kwa spana ya mkono peke yake. Gurudumu la lori la mgodini hukazwa kwa mashine. Vijana waliopata kazi katika karakana za namna hiyo walijifunza mambo ambayo hayakufundishwa popote pengine katika teritwari nzima.

Ugomvi kuhusu ardhi na ajira, makundi yenye silaha kuzunguka Salamabila, na mapigano yaliyofukuza maelfu ya watu kwenda Kasongo, upande wa Fizi na hata Kalemie, viliuandama mgodi huo. Mwaka 2019 Banro ilisimamisha kazi zake zote. Mashine hukaa ndani ya uzio. Ujuzi hutoka nje ya uzio pamoja na mtu, lakini mtu akiwa hana hewa ya kompresa wala kizibo cha nati, anarudi kwenye bomba.

Bomba lenyewe linastahili kuelezwa, kwa maana ndilo lililoiendesha barabara ya Kasongo kwa miaka yote. Nati ya gurudumu la lori kubwa inahitaji kukazwa kwa nguvu ya niutoni-mita 600 hivi. Kwa lugha ya gereji, ni kama uzito wa kilo 60 uliowekwa kwenye ncha ya mkono wa mita 1. Spana ya gurudumu haifiki mita 1. Msaidizi anaivisha bomba la chuma, mkono unarefuka, anapanda juu yake na uzito wake wote. Kwa bahati, mtu mmoja wa kawaida mwenye kilo 60, akisimama mwishoni mwa bomba la mita 1, anatoa karibu nguvu ile ile inayotakiwa. Bomba la mita 2 linatoa mara mbili, na hapo ndipo boloti zinapokatika.

Tena si kila nati hufunguka upande mmoja. Malori ya zamani ya Kimarekani na ya Kiingereza yalikuwa na nati za kinyume kwenye magurudumu ya kushoto, ili mzunguko wa gurudumu usizilegeze. Nyingine ziliandikwa herufi L kwenye ncha ya boloti. Msaidizi asiyejua alisimama juu ya bomba, akakaza zaidi akidhani anafungua, mpaka boloti ikakatika na yeye kuanguka chini. Vilevile vipimo. Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza mwaka 1841 nyuzi za boloti zilizo sawa kwa viwanda vyote. Mmarekani William Sellers akatoa za kwake mwaka 1864. Nchi za mita zikakubaliana juu ya zao huko Zürich mwaka 1898. Ugomvi wa mabwana hao watatu ulifika mpaka Kasongo ndani ya malori. Spana ya 13 inaingia kwenye kichwa cha nati cha nusu inchi, maana nusu inchi ni milimita 12.7, lakini inacheza kidogo, na baada ya mara tatu au nne inaula ukingo wa nati ukawa mviringo. Kuanzia hapo hufunguliwi bila patasi.

Vita ya mwaka 1998 hadi 2003 ilikata njia zote mbili, reli na barabara. Gari moshi la kutoka Lubumbashi halikufika Kindu kwa miaka mingi, hadi mwaka 2004. Wakati huo mizigo ya Maniema ilibebwa na baiskeli, ile inayosukumwa na mtu kwa mguu akitembea kando, mchele na mawese juu, chumvi na sabuni kurudi. Baiskeli ina nati chache, na spana moja ya matundu mengi inatosha zote. Huenda ndiyo sababu ilishinda vita. Pikipiki iliyoifuata inahitaji funguo tano hivi, 10, 12, 14, 17 na ya plagi, zinazofungwa katika kitambaa chini ya kiti.

Madaraja pia yamo katika hesabu hii. Madaraja ya chuma ya vipande, ya aina iliyobuniwa na Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita ya Pili, yamejengwa sehemu nyingi za Kongo kwa sababu askari au kibarua anaweza kuyaunganisha kwa mikono, kwa pini, nyundo na spana, bila winchi kubwa. Urahisi huo una pande mbili. Daraja linalounganishwa kwa spana linaweza pia kupunguzwa kwa spana, boloti moja baada ya nyingine, na mtu anayeuza chuma chakavu. Anayelala Kasongo katika nyumba ya ndugu, akingoja habari ya kwamba njia ya kwao inapitika, anangoja vitu vingi: usalama, mvua kupungua, mbegu. Anangoja pia mbao za daraja kufungwa na boloti ambazo hakuna aliyeziiba.

Sasa mashine ya kukazia imeanza kurudi, kwa njia ambayo haikutazamiwa. Siyo ya hewa tena. Tangu betri za lithiamu zilipoingia katika vyombo vya mafundi, katikati ya miaka ya 2000, mashine inayogonga imekuwa kitu cha kushikwa kwa mkono mmoja, kisicho na bomba wala waya. Betri ya volti 18 inafungua nati za lori dogo. Zile kubwa kidogo zinafungua hata za lori zito. Hazihitaji kompresa. Zinahitaji kuchajiwa, na katika miji inayotegemea jenereta na mabamba ya jua, betri hukaa juu ya meza ile ile ya kuchajia simu, katikati ya simu ishirini, na hulipiwa vivyo hivyo.

Lakini mashine hii ina hila zake. Inakaza haraka kuliko fikra. Fundi aliyezoea bomba anasikia kwenye mgongo wake pale boloti inapokaribia kukatika, mashine haimwambii. Ikiachwa ikigonga sekunde chache zaidi, inavuta boloti mpaka inarefuka, na boloti iliyorefuka huonekana nzima siku hiyo, ikakatika siku nyingine mbali na gereji. Ndiyo maana katika karakana za kampuni nati husogezwa tu kwa mashine, kisha humaliziwa kwa spana ya kupimia, ile inayolia «tak» nguvu ikitimia. Spana hiyo ni adimu kuliko mashine yenyewe. Fundi mwangalifu asiyekuwa nayo anatumia mashine kufungulia, kwa kufungia anarudi kwenye bomba lake la mita 1 na kilo zake 60.

Anafunga kwa kuruka: nati ya juu, kisha ya chini iliyo mkabala nayo, kushoto, kulia, ili gurudumu likae sawa kwenye kitako chake. Anayezunguka akifuata mfululizo huliacha gurudumu limeinama kidogo, na kuinama huko huonekana baada ya kilomita kadhaa za mashimo. Kazi nayo haiishii gereji. Gurudumu lililofungwa upya hutulia likitembea, rangi na kutu vilivyobanwa katikati hupondeka, na nati iliyokuwa imekazwa vizuri asubuhi huwa imelegea mchana. Sheria ya malori popote duniani ni kusimama baada ya kilomita 50 hadi 100 na kuzikaza tena.

Kwenye njia ya Kasongo kwenda Kabambare kituo hicho huwa kabla ya Wamaza au baada yake, kutegemea dereva na hali ya matope. Lori linasimama kivulini. Msaidizi anateremka na bomba, anazunguka gurudumu kwa gurudumu, anapanda juu ya bomba, anashuka, anahamia nati nyingine. Inachukua kama robo saa. Huko juu ya magunia watoto wanaomba maji, na abiria wanalalamika kwamba safari inacheleweshwa bure.